Kalamu, Hesabu na Sera: Kazi ya Mwandishi na Mshauri wa Mazingira katika Nchi ya Mto Mara

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, pale mito ya Nyangores na Amala inapoungana. Kutoka huko huteremka katika mbuga za Maasai Mara, huvuka mpaka wa Tanzania, hupita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha huendelea kuelekea magharibi ukiitenga wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti. Baada ya mwendo wa kilometa 395 hivi hupita katika kinamasi kipana na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, si mbali na Musoma. Maji hayo yanahitajiwa na wengi: mkulima wa mahindi na mihogo, mfugaji wa Kikurya na ng'ombe wake, mvuvi wa kinamasini, na nyumbu zaidi ya milioni moja ambao kila mwaka hufika ukingoni wakati wa kiangazi.

Serikali inapotaka kuamua jinsi ya kugawa maji hayo, kutunza misitu, kupitisha barabara au kuzuia moto wa mbugani, huhitaji mtu wa kueleza jambo lenyewe lilivyo. Wananchi nao huhitaji kuelezwa kwa lugha wanayoielewa. Kazi hiyo ya kusimama kati ya maabara, kijiji na meza ya maamuzi ndiyo kazi ya mwandishi wa mazingira na mshauri wa sera ya tabia ya nchi. Historia ya Serengeti katika miaka zaidi ya sitini iliyopita yaonesha vizuri kuliko nadharia yoyote jinsi kazi hiyo inavyofanywa, nguvu yake ni ipi, na hatari zake ziko wapi.

Maana ya kazi hii

Kwanza yafaa kutofautisha mambo mawili. Hali ya hewa ni yale yanayotokea angani leo au juma hili: mvua ya mchana, upepo wa jioni, baridi ya alfajiri. Tabia ya nchi, ambayo siku hizi huitwa pia tabianchi, ni wastani wa mambo hayo kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30, pamoja na kadiri yanavyopanda na kushuka kandokando ya wastani huo. Mwaka mmoja wa ukame mjini Tarime hauthibitishi kwamba tabia ya nchi imebadilika, kama vile mwaka mmoja wa mafuriko usivyokanusha jambo hilo.

Mwandishi wa mazingira huchukua matokeo ya vipimo vya namna hiyo na kuyaeleza kwa watu wasio wataalamu. Mshauri wa sera huenda hatua moja zaidi: huwaonesha viongozi njia mbalimbali zinazoweza kufuatwa, faida ya kila njia, gharama yake, na nani atakayeilipa gharama hiyo. Yeye hatoi amri. Uamuzi ni wa wale waliopewa madaraka na wananchi. Hivyo basi, ushauri mzuri husimama juu ya mafiga matatu: kipimo sahihi, sababu iliyothibitishwa, na ufahamu wa maisha ya watu watakaoguswa. Figa moja likikosekana, chungu hakikai.

Hesabu ya mwaka 1958

Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa katika mjadala mkubwa juu ya mipaka ya Hifadhi ya Serengeti. Mwaka 1956 ilitoa mapendekezo ya kuigawa na kuipunguza. Swali la msingi lilikuwa hili: wanyama wanaohama huenda wapi kila majira ya mwaka, nao ni wangapi? Hakuna aliyekuwa na jibu la kutegemewa.

Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyezaliwa mwaka 1909, wakati huo alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt nchini Ujerumani, na tayari alikuwa mwandishi mashuhuri. Yeye na mwanawe Michael walijifunza kurusha ndege, wakanunua ndege ndogo iliyopakwa rangi ya milia kama pundamilia, wakaja nayo Serengeti. Mnamo Januari 1958 waliruka juu ya mbuga kwa mistari, wakihesabu. Jumla yao ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, na katika hao nyumbu walikuwa 99,481. Vilevile waliwavisha baadhi ya wanyama mikanda ya rangi ili waweze kufuata njia zao, wakaona kwamba makundi yalikuwa yakitoka nje ya mipaka iliyopendekezwa.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi angani ikaanguka. Michael alifariki akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake alimaliza kitabu na filamu juu ya Serengeti. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, nacho kitabu kikafasiriwa katika lugha nyingi. Mipaka yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilishwa mwaka 1959, Ngorongoro ikatengwa na Serengeti. Hesabu ilichelewa kuuzuia uamuzi, lakini maandishi yaliifanya Serengeti ijulikane ulimwenguni, na utafiti wa kudumu ukafuata. Mwaka 1966 Taasisi ya Utafiti ya Serengeti ilianza kazi. Grzimek mwenyewe alikuja kuwa mshauri wa serikali ya Ujerumani Magharibi katika mambo ya hifadhi ya mazingira chini ya Kansela Willy Brandt, hadi alipojiuzulu mwaka 1973. Alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya kaburi la mwanawe.

Je, hesabu yake ilikuwa sahihi? Mwaka 1961 watafiti wengine walipata nyumbu zaidi ya 220,000. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Tuseme nyumbu wanaongezeka kwa asilimia 15 kila mwaka, kiasi ambacho ni kikubwa kwa mnyama anayezaa ndama mmoja kwa mwaka. Basi 99,481 wangekuwa karibu 151,000 baada ya miaka mitatu, wala si 220,000. Maana yake ni kwamba wengi hawakuonekana katika hesabu ya kwanza. Kumhesabu kila mnyama kwa macho kutoka katika ndege iendayo kasi ni kazi ngumu mno.

Baadaye njia ya sampuli ilitumika. Ndege hufuata mistari iliyopangwa na kupiga picha vipande vya ardhi, na wanyama huhesabiwa polepole katika picha. Mathalani, ikiwa picha zimefunika sehemu moja ya ishirini ya eneo lote na zikaonesha nyumbu 60,000, basi makadirio ya eneo lote ni 60,000 mara 20, yaani 1,200,000. Kwa kuwa wanyama hawajatawanyika sawasawa, makadirio hayo huandikwa pamoja na kiasi cha kosa kinachowezekana. Mwandishi anayetaja idadi na kuacha kiasi cha kosa huwapa wasomaji nusu ya habari.

Hesabu ya pili ya mwaka huohuo

Mnamo Machi 1958, miezi michache tu baada ya ndege yenye milia kuanza kuruka Serengeti, mwanasayansi Charles David Keeling wa Marekani alianzisha vipimo vya hewa katika mlima Mauna Loa kwenye visiwa vya Hawaii. Alipima hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ambayo hutolewa kuni, makaa ya mawe na mafuta yanapochomwa. Wakati huo, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 315 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Vipimo hivyo vimeendelea mpaka leo, na kiasi hicho sasa kimepita 420.

Hewa ya ukaa huruhusu mwanga wa jua kuifikia ardhi, lakini huzuia sehemu ya joto linalorudi angani kutoka ardhini. Kadiri inavyozidi, ndivyo joto linavyobaki. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, katika miaka ya 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 hivi za Selsiasi zaidi ya lile la nusu ya pili ya karne ya 19. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Ndiyo sababu mvua ikinyesha yaweza kuwa kali zaidi, na jua likiwaka ardhi yaweza kukauka upesi zaidi.

Hesabu hizi mbili za mwaka 1958, moja ya nyumbu na moja ya hewa, zilianza bila kuhusiana. Miaka hamsini baadaye zilikutana.

Sababu iliyofichika: ugonjwa wa sotoka

Baada ya mwaka 1961 idadi ya nyumbu ilipanda mfululizo. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na robo. Kulikuwa na maelezo mengi: ulinzi wa hifadhi, kupungua kwa ujangili, kuongezeka kwa malisho. Mtafiti Anthony Sinclair, aliyekulia Tanganyika na kuanza kazi yake Serengeti katika miaka ya 1960, aliitafuta sababu kwa kulinganisha wanyama wa aina mbalimbali.

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 ukaangamiza ng'ombe, nyumbu na nyati kwa wingi wa kutisha. Kwa miaka mingi baadaye uliendelea kuua ndama wa nyumbu na nyati. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa. Chanjo bora zaidi ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake katika kituo cha Muguga nchini Kenya. Damu ya wanyama wa porini ilipopimwa, wale waliozaliwa kabla ya miaka ya 1963 na 1964 walikutwa na alama za kuwahi kuugua. Waliozaliwa baadaye hawakuwa nazo.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa pundamilia. Nyumbu na nyati hucheua, nao hupatwa na sotoka. Pundamilia hacheui, na sotoka haimpati. Kama ulinzi wa hifadhi peke yake ndio uliokuwa sababu, pundamilia nao wangeongezeka. Lakini idadi yao haikupanda. Jambo hili ni mfano bora wa jaribio lenye kilinganishi, ijapokuwa halikufanywa katika maabara. Sababu ya pili iliongezeka katika miaka ya 1971 hadi 1976, ambapo mvua za kiangazi zilikuwa nyingi kuliko kawaida na majani yakapatikana katika miezi ya njaa.

Somo kwa mwandishi ni zito. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mfugaji na ng'ombe wake ni maadui wa wanyama wa porini. Kumbe sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe wa kijijini ndiyo iliyowaokoa ndama wa nyumbu. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na ni ugonjwa wa pili kutokomezwa kabisa baada ya ndui.

Kutoka majani hadi hewa ya ukaa

Nyumbu walipokuwa wachache, majani mengi yalibaki hadi kiangazi yakawa kuni za moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mbuga iliungua karibu kila mwaka, na miche ya miti ikafa kabla ya kuuzidi moto kwa kimo. Nyumbu walipoongezeka walikula majani hayo, moto ukapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Mwaka 2009 Ricardo Holdo, Sinclair na wenzao walichapisha uchambuzi ulioonesha mlolongo huu wote, wakahitimisha kwamba Serengeti ilielekea kubadilika kutoka mahali panapotoa hewa ya ukaa na kuwa mahali panapoihifadhi.

Hesabu ya jambo hili inaweza kufanywa darasani. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti mkavu wa kilogramu 100 una kaboni kilogramu 50 hivi. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12 na wa oksijeni ni 16. Kwa hiyo molekuli ya hewa ya ukaa ina uzito wa 12 + 16 + 16, yaani 44. Kila kilogramu 12 za kaboni hutoka katika kilogramu 44 za hewa ya ukaa. Hivyo mti huo umeondoa angani kilogramu 183 hivi za hewa hiyo. Ukichomwa, zote hurudi.

Hapo ndipo mshauri wa tabia ya nchi anapoingia. Mataifa yaliyotia sahihi mikataba ya tabianchi, ikiwemo Tanzania, hutakiwa kuhesabu hewa ya ukaa inayotolewa na ile inayohifadhiwa. Lakini mshauri mwaminifu hataji upande mmoja wa hesabu. Wanyama wanaocheua hutoa hewa ya methani, ambayo nayo huzuia joto. Tembo huangusha miti. Moto wa mapema unaowashwa na wafugaji ili kupata majani mabichi na kupunguza kupe si sawa na moto mkali wa mwisho wa kiangazi. Kila jambo lina safu yake katika daftari.

Kinamasi kimoja, sababu mbili

Picha za satelaiti zilionesha kwamba kinamasi cha Mara kilipanuka sana kati ya miaka ya 1970 na mwaka 2000. Mashamba na malisho ya baadhi ya familia yalimezwa na mafunjo. Kwa nini?

Maelezo ya kwanza ni mashapo. Misitu ya juu ilipokatwa na mashamba kulimwa kwenye miteremko bila matuta, mvua ilichukua udongo. Udongo huo ulipofika nyanda za chini, ambako maji huenda polepole, ulitua na kuinua sakafu ya mto, nayo maji yakatambaa kandokando. Maelezo ya pili ni ziwa. Kimo cha Ziwa Viktoria kikipanda, maji ya mto hukosa mteremko wa kutokea, yakajaa nyuma. Ziwa hilo lilipanda zaidi ya meta mbili kati ya mwaka 1961 na 1964 kutokana na mvua kubwa zisizo za kawaida. Na mwezi Mei 2020 lilifikia tena kimo cha Mei 1964.

Tofauti hii haina maana kwa wataalamu pekee. Ikiwa chanzo ni mashapo, dawa ni matuta ya kontua, misitu ya vyanzo vya maji na mimea ya kingo za mto. Ikiwa chanzo ni ziwa, matuta ya Tarime hayatazuia maji, na busara ni kupanga upya makazi na mashamba ya nyanda za chini. Sababu zote mbili zikiwa zinafanya kazi pamoja, mshauri hana budi kueleza uzito wa kila moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwenye karatasi, meta 60 ni namba ndogo. Lakini shamba lenye upana wa meta 100 kando ya mto likitoa ukanda huo hupoteza meta za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Familia yenye ekari mbili hubakiwa na nusu ekari. Mshauri asiyeipiga hesabu hii hataelewa kwa nini sheria nzuri huvunjwa usiku. Akiipiga, ataweza kupendekeza miti ya matunda, majani ya kulisha mifugo au mizinga ya nyuki katika ukanda huo, ili ukingo uhifadhiwe bila mwenye shamba kuachwa mikono mitupu.

Ukame nao una hesabu yake. Wataalamu Emmanuel Gereta, wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, na Eric Wolanski waliandika mara kadhaa kwamba wakati wa ukame mkali Mto Mara ndio mto pekee usiokauka unaotegemewa na wanyama wanaohama. Katika ukame wa mwaka 1993 nyumbu wengi walikufa, na idadi yao ikashuka chini ya milioni moja. Kama mto wenyewe ungekauka, hasara ingekuwa kubwa zaidi. Kwa kuwa takriban asilimia 65 ya bonde la mto huu iko Kenya, hakuna wilaya wala nchi moja iwezayo kuulinda peke yake. Tangu mwaka 2012 nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria.

Mshauri mbele ya wenye maamuzi

Udhaifu wa maandishi ya Grzimek haukuwa katika hesabu peke yake. Yeye aliamini kwamba hifadhi ya taifa inapaswa kuwa nyika isiyo na watu. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa katika Serengeti. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata, Wangoreme na wenzao walipoteza mawindo, malisho na mahali pa mababu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba watu hao walikuwa wamelima, kuwinda na kuchoma majani katika nchi hiyo kwa vizazi vingi. Nyika iliyoonekana tupu kutoka angani ilikuwa na majina, njia na matambiko. Rubani hawezi kuyaona hayo. Lazima ashuke na kuuliza.

Mjadala wa barabara ulirudisha swali hilohilo. Mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa barabara kuu ya kupita kaskazini mwa Serengeti kati ya Mugumu na Loliondo. Wanasayansi 27 waliandika katika jarida la Nature wakionya kwamba ingekata njia ya nyumbu, na kwamba nyumbu wakipungua moto ungerudi pamoja na hasara ya miti. Wananchi wengi wa wilaya ya Serengeti, kwa upande wao, walitaka njia ya kufikisha mazao sokoni na wagonjwa hospitalini. Haja zote mbili zilikuwa za kweli. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia ujenzi wa barabara ya lami ndani ya hifadhi. Mshauri anayesema "hapana" bila kuonesha njia ya mwananchi kufika sokoni hajamaliza kazi yake.

Siku hizi kazi hii hufanywa na Waafrika wengi. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waandishi wa sura ya Afrika katika ripoti ya mwaka 2007 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Mwaka huohuo Tanzania ilitoa Programu ya Taifa ya kukabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2012 ikatoa Mkakati wa Taifa. Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akawa mwandishi wa sayansi na mazingira wa gazeti la Daily Nation, akapata shahada ya udaktari Uingereza, na kutoka mwaka 1995 hadi 1998 akawa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bioanuwai. Alifariki mwaka 2017. Njia yake yaonesha kwamba darasa la shule ya msingi na chumba cha habari ni vyuo vya awali vya ushauri.

Jambo gumu kuliko yote ni kueleza mashaka bila kupoteza imani ya msikilizaji. Mifano mingi ya kompyuta hutabiri mvua zaidi Afrika ya Mashariki, ilhali vipimo vilionesha masika yakipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010. Mshauri hafichi mgongano huo wala hatoi ahadi ya uhakika. Husema lililo hakika, yaani joto linaongezeka. Husema lenye mashaka, yaani kiasi na majira ya mvua. Kisha hupendekeza hatua zinazofaa katika hali zote mbili, kama vile kuvuna maji, kuzuia mmomonyoko na kupanda mazao yanayostahimili ukame, mihogo na mtama miongoni mwao.

Kazi kwa shule

Shule yoyote ya Tarime au Mugumu yaweza kuanza sehemu ya kazi hii kwa gharama ndogo. Litafutwe kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekwe mahali peupe mbali na miti na mapaa, juu ya nguzo imara. Kila siku saa 3 asubuhi kina cha maji kipimwe kwa rula ya milimeta, kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe, kisha kopo limwagwe. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, wala nafasi isiachwe wazi, kwa sababu sifuri ni kipimo na nafasi wazi si kipimo.

Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye meta za mraba 100, mahali panapopata milimeta 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Wanafunzi walinganishe kiasi hicho na maji yanayotumiwa na shule, halafu waandike ukurasa mmoja kwa ajili ya kamati ya shule: kipimo kilivyofanyika, kosa linaloweza kuwamo, tangi la ukubwa gani linafaa, gharama yake, na nani atakayeteka maji mbali kidogo kuliko sasa. Ukurasa huo usomwe na mwanafunzi mbele ya kamati, maswali yaulizwe, na daftari la mvua likabidhiwe kwa kidato kinachofuata ili vipimo visikatike.